Siku Sita Bila Mwanga

Mama Nshobole alikuwa na fagio mbili. Mmoja ulikuwa wa kufagia, kama wa kila nyumba. Mwingine haukugusa ardhi hata siku moja. Aliuosha kwa maji yaliyochemshwa, akautundika kwenye msumari wake, na mtu aliyeushika kwa kukosea aliambiwa neno ambalo hakulisahau. Huo ndio aliokorogea mabaseni yake ya maji ya kijani.

Alikufa mwezi wa sita mwaka jana. Baada ya vita ilisemwa kwamba uzee ulimzidi, kwamba aliacha mbegu ya kituo ife mikononi mwake. Haikuwa hivyo, na ninaandika ili ijulikane.

Alizaliwa upande wa Bukavu, juu huko Kabare, ambako baba yake alichuma majani ya chai. Akaolewa na Jean-de-Dieu, karani wa bandarini, wakahamia Goma. Mtoto wao mmoja tu, wa kiume, alikufa kwa bwaki, ule utapiamlo unaovimbisha miguu na kugeuza nywele kuwa nyekundu. Alikuwa na miaka miwili na nusu. Nyumba yao haikukosa chakula; mihogo ilikuwapo kila siku, ila mihogo peke yake haijengi mwili. Jambo hilo lilimsumbua mpaka mwisho, kwamba mtoto alikufa akiwa ameshiba. Mume naye alipokufa, Nshobole alikwenda kukaa mtaa wa Mapendo na dada yake mkubwa, Gisèle, ambaye miguu yake ilikwisha kupooza.

Sista mmoja wa Bukavu ndiye aliyemfundisha kazi ya spirulina, viumbe vidogo vya kijani vinavyokuzwa majini na kukaushwa kuwa unga wa lishe. Sista alimpa chupa moja ya maji ya kijani, naye akaja nayo Goma kwa mashua, akaikabidhi kituo kimoja kidogo cha kulisha watoto huku mtaani kwetu Keshero. Chupa hiyo ilizaa baseni moja, baseni likazaa manne. Kwetu huwezi kuchimba shimo, chini kote ni mawe ya volkano, kwa hiyo mabaseni yalijengwa kwa mbao juu ya mwamba, yakatandikwa turubai, maji yakafika kina cha shubiri moja tu. Juu kulikuwa na plastiki nyeupe ya kuzuia masizi ya mlima. Kwa miaka kumi na nne aliyakoroga mabaseni hayo manne kila saa, tangu asubuhi mpaka jua linapolegea.

Mimi nilimjua kwa sababu ya mjukuu wangu, Igiraneza. Binti yangu Tuyisenge alikimbia vita huko Kalengera akaja kwangu na huyo mtoto mgongoni, na nilipomshusha niliona mikono yake imekuwa kama ya mzee. Usiku huo sikulala. Asubuhi nilikuwa kwenye mstari wa kituo kabla lango halijafunguliwa.

Wamama wa mstarini walikuwa wanaongea juu ya ule unga wa kijani unaotiwa kwenye uji, wenye harufu ya ziwa.

"Njo nini hii?" mmoja aliuliza kwa Kiswahili chetu cha Goma, ambamo njo ni ndiyo na bote ni wote. "Banasema eti ni bakteria. Sasa banatukorogea mikrobi mu uji ya batoto?"

Nshobole alikuwa anapita na ndoo. Hakusimama.

"Eee, mikrobi kabisa," alisema. "Lakini yangu iko na kazi. Bwana yako iko na kazi?"

Wamama walicheka mpaka yule aliyeuliza naye akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa namtazama mtoto kama anapumua. Nshobole aliniona. Aliweka ndoo chini, akamshika Igiraneza mguu, akabonyeza kwa kidole, akatazama.

"Hajavimba. Umemuleta mapema, mama. Kaa."

Kisha, kwa kuwa sikuweza kukaa, nilikuwa nainuka na kuketi na kuinuka tena, alinipa ufagio wake wa kukorogea. Baadaye niliambiwa kwamba hakuwa amewahi kumpa mtu.

Ndivyo nilivyoanza kwenda. Igiraneza alipata maziwa yake na pakiti zake za lishe na uji wake wa kijani kwa miezi minne, akanenepa, akaanza kutukana paka. Nshobole mwenyewe hakukubali watu waseme ni unga wake uliomponya. "Ni maziwa, ni dawa, ni wewe usiyelala," alisema. "Yangu inasaidia tu." Lakini hata mtoto alipotolewa kwenye orodha mimi niliendelea kwenda mara mbili tatu kwa wiki, kumsaidia kukoroga. Nilipenda kuwa pale. Kulikuwa kimya, na macho yangu yalikuwa na kitu cha kuangalia ambacho hakikuwa ugonjwa.

Nilimuuliza siku moja kwa nini tunakoroga bila kupumzika, kwani si ugali.

"Kwa sababu kila moja inataka kufika ku jua," alisema. "Hii vitu haina mudomo, haina tumbo. Mwangaza njo chakula yake. Zile za juu zikikaa juu sana zinaungua. Zile za chini zinalala njaa. Mimi nazipandisha na kuzishusha, bote bakule."

"Mwangaza unaliwaje, mama?"

Alifikiri kidogo. Jirani walikuwa wanajenga ukuta, na wanaume walikuwa wamesimama kwenye mstari tangu barabarani mpaka ndani ya uwanja, wakipitishana mawe meusi mkono kwa mkono.

"Unaona bale?" alisema. "Yule wa kwanza anadaka jiwe, hajengi. Anamupa wa pili, wa pili anamupa wa tatu, mpaka ifike kwa fundi. Ndani ya hizi kuna rangi mbili. Wewe unaona kijani tu, lakini kuna buluu. Ile buluu njo inasimama ku barabara. Inadaka mwangaza ambao kijani peke yake ingeuacha upite, inausukuma ndani, ndani kabisa, kwa fundi. Fundi ni ile kijani. Akipata nguvu ile anapasua maji."

"Anapasua maji?"

"Anayapasua. Angalia."

Aliniinamisha. Ilikuwa karibu saa sita ya mchana, na juu ya maji kulikuwa na mapovu madogo kama ya sabuni, yakipanda na kupasuka.

"Hewa hiyo tunayovuta njo takataka yake. Anaitupa. Na ile nguvu iliyobaki anachukua nayo gesi iliyo ndani ya magadi tunayotia mu maji, anatengeneza sukari yake, anatengeneza mwili wake. Sista alinionyesha mu mikroskopu. Ni kama uzi mudogo uliosokotwa. Si jani, si muti, haina mizizi. Sista alisema zilikuwa zinafanya hivi mbele ya miti kuwako."

"Na usiku?"

"Usiku zinalala. Zinakula akiba ya muchana na kupumua kama sisi. Asubuhi zimepungua kidogo, zinaanza tena."

Neno hilo la akiba nililishika vizuri. Afadhali nisingelishika.

Alikuwa na kijiti chenye kifuniko cheupe mwishoni, na alikizamisha majini mpaka kifuniko kisionekane. Kikipotea upesi, mavuno yako tayari. Alivuna asubuhi na mapema, akachuja kwa kitambaa, akakamua, akasukuma lile rojo zito litoke kama tambi, akaanika, akasaga unga. Maji yakiwa mepesi mno, yaani zikiwa chache, alitandika neti juu, kwa kuwa mwanga ukiwa mwingi kuliko wadakaji unawaua. Vitu hivyo alivijua kwa macho tu. Landry, kijana aliyesomea kilimo na aliyekuwa mkuu wa kituo, alikuwa na vipimo vyake vya kutumbukiza, lakini nilimwona mara nyingi akipima kisha akimuuliza: "Mama, wewe unaona namna gani?"

Halafu vita vikaingia mjini, Januari ya mwaka jana.

Ijumaa Landry alivuka mpaka kwenda Gisenyi na mke wake aliyekuwa na mimba. Jumamosi mchana Nshobole alikuja kwangu. Alikuwa ameshika chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, imefungwa kitambaa mdomoni, na ndani maji yalikuwa ya kijani mpaka kuelekea weusi. Alikuwa ameyachota kwenye baseni lililokuwa na nguvu kuliko yote.

"Mama Tuyi, mimi naenda Mapendo," alisema. "Gisèle iko peke yake, hawezi kutembea. Kule ni karibu na uwanja wa ndege, sijui nyumba itabaki ao haitabaki. Hii isiende kule. Ikae kwako."

Nikaipokea.

"Usifunge kifuniko. Kitambaa tu. Uiweke ku dirisha, lakini jua kali isiipige. Uitikise asubuhi, saa sita na magharibi. Ni hivyo tu. Kama mabaseni yanaharibika, hii njo mbegu. Huku karibu hakuna ingine."

"Nimesikia, mama."

"Umesikia," alisema, akanigusa bega, akaenda.

Nilisikia kweli. Niliiweka dirishani. Jumapili niliitikisa mara mbili. Jumapili usiku milio ya bunduki ikaanza, na Jumatatu asubuhi ilikuwa imefika barabara ya juu yetu. Sote tulikuwa chini sakafuni, mimi, binti yangu, mtoto, na Janvier, mume wangu.

Watu wa Goma tuna shimo. Si shimo kweli, ni nafasi kati ya mawe chini ya kitanda, tuliyoifunika kwa mbao na mkeka juu yake. Kila nyumba ninayoijua ina nafasi yake. Vita vikija, kitu cha maana kinaingia humo: karatasi za kiwanja, diploma, kichwa cha cherehani, betri ya jua. Mwaka wa volkano tulifanya hivyo, na kabla ya hapo pia. Hakuna anayefundishwa. Mikono inajua yenyewe.

Janvier alikuwa anashusha vitu huku milio inapita juu. Akaona chupa.

"Na hii?"

"Ni ya Mama Nshobole. Ikae dirishani."

"Dirishani? Mutu akipita akaona chupa ya kijani ku dirisha, atasema ni nini? Atasema ni pombe. Ao mafuta. Ataingia kuichukua, na akiingia hatachukua chupa tu." Alimtazama Tuyisenge. "Ni kitu ya maana ao si kitu ya maana?"

"Ni ya maana sana."

"Basi ishuke."

Ningeweza kuiweka pembeni tu, juu ya meza, mahali ambapo mwanga kidogo ungeifikia. Sasa ninaona sehemu kumi ndani ya nyumba ile ambapo ingekaa. Lakini kitu cha maana kilikuwa na mahali pake. Nilitoa kitambaa, nikakaza kifuniko ili maji yasimwagikie karatasi za kiwanja. Nikaivingirisha kwenye kitenge. Nikaishusha.

Siku ya tatu nilikumbuka. Nilikuwa nimelala kifudifudi, na ilinijia kama mtu amenipiga kofi: hizi zinakula mwangaza. Niliketi. Kisha nikajiambia: alisema usiku zinalala, zinakula akiba. Basi huu ni usiku mrefu. Zinalala tu. Umeme ulikuwa umekatika, maji yamekatika, mtoto alikuwa analia kiu, na Janvier alikuwa amekataza mtu kugusa zile mbao kwa sababu wenye bunduki walikuwa wanapita nje. Nilijilaza tena. Nilifanya hesabu ya mama wa nyumbani: nyumba yenye akiba inamaliza wiki.

Siku ya sita, milio ilipokwisha, tulitoa mbao.

Nshobole alikuja siku hiyohiyo kwa miguu kutoka Mapendo, viatu vyake vimejaa vumbi jeupe la kuta zilizoanguka. Nyumba yao ilikuwa imebaki, na Gisèle alikuwa mzima. Alisimama mlangoni.

"Bote bako?"

"Bote bako, mama."

"Mungu asifiwe. Nipe chupa."

Nilikuwa bado sijaitoa kwenye kitenge. Niliifungua mbele yake. Maji ya juu yalikuwa ya buluu, buluu safi kabisa kama wino wa shule, na chini kulikuwa na tope la njano. Nilipolegeza kifuniko harufu ya kuoza ilijaa chumba, Tuyisenge akatoka na mtoto.

Nshobole aliichukua, akaenda nayo dirishani, akaiinua.

"Ilikuwa wapi?" aliuliza.

"Chini. Nilifikiri inalala."

"Na kifuniko?"

"Nilikifunga."

Hakupaza sauti. Aliigeuza chupa taratibu, buluu ikachanganyika na njano.

"Hii buluu unayoona, ni mikono yao," alisema. "Ile ya kudaka. Wakiwa hai huwezi kuiona inatoka. Mpaka bapasuke, njo inamwagika mu maji." Akaishusha chupa. "Akiba ni ya usiku moja, Mama Tuyi. Pengine mbili. Si ya sita."

Tulikwenda sote wawili kituoni. Lango lilikuwa wazi. Mbao zilikuwapo, lakini turubai zilikuwa zimechukuliwa, zote nne; watu wengi walikuwa wanalala nje wakati ule na turubai ni nyumba. Siwezi kuwalaumu. Maji yalikuwa yamenyonywa na mawe, yakaacha ukoko wa kijani uliokauka na kupauka juani. Nshobole alipiga magoti akaukwangua kwa ukucha, akaunusa, akautupa. Ufagio wake ulikuwa bado msumarini.

Alijaribu. Kwa siku tisa aliweka matone ya chupa ile kwenye sahani nyeupe, kwa maji mapya na magadi, uani kwangu, chini ya kipande cha neti. Alikuja kila asubuhi kuangalia kama kuna uzi mmoja tu wa kijani. Mimi niliitikisa sahani kila saa. Niliitikisa hata alipokuwa ameshaacha kuja.

Landry alirudi mwezi wa pili mwishoni. Kituo kilifunguliwa, na watoto walikuwa wengi kuliko zamani, lakini maziwa na pakiti vilikuwa vinakuja kidogo kidogo. Alimwita Nshobole uani, kwenye zile mbao tupu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, hatua kumi, nimeshika sufuria.

"Mama, mbegu iko wapi?" aliuliza.

"Niliichukua Jumamosi mbele ya vita. Ilinifia."

"Ilikufia namna gani?"

"Ilikosa mwangaza."

"Wewe? Mama, wewe uliiweka mahali pasipo na mwangaza?"

Nshobole hakunitazama, hata kidogo, na nilijua kwamba alikuwa anajizuia kunitazama. Nilikuwa na muda wa kusema. Nasema hivi kwa kuwa watu hupenda kusema hakukuwa na muda. Muda ulikuwapo. Landry alitoa kofia, akafuta uso, akavaa tena kofia. Nilifikiria Igiraneza, kwamba akikonda tena nitamleta wapi kama mlango huu umefungwa kwangu. Nikaingia ndani na sufuria.

"Umechoka, mama," nilimsikia Landry anasema. Hakusema kwa ubaya. "Ni miaka mingi. Pumuzika kwanza, tutakuita."

Hawakumwita.

Mashua za Bukavu zilipoanza tena, Nshobole alipanda, akaenda kumtafuta sista wake. Alimkuta amezikwa tangu mwaka wa nyuma. Mabaseni ya masista yalikuwa yamegeuzwa kuwa ya kufugia samaki. Alirudi siku ya tatu na chupa tupu, na kikohozi. Nilimpelekea supu Mapendo mara nyingi. Tuliongea juu ya bei ya mkaa, juu ya miguu ya Gisèle, juu ya Igiraneza. Kila nilipofungua mdomo kusema lile jambo, aliniuliza kitu kingine. Mwezi wa tano alikuwa hainuki. Kwenye kituo kipya cha afya walisema ni mapafu. Alikufa asubuhi ya Jumanne, wakati nilikuwa nyumbani nachambua maharage.

Kwenye matanga, Landry alikuja, akasimama akasema maneno mazuri. Alisema mama huyu alilisha watoto wa mji kwa miaka kumi na nne, na kwamba kama mwishoni uzee na vita vilimfanya apoteze mbegu, hakuna wa kumlaumu. Watu waliitikia kwa vichwa. Mzee mmoja nyuma yangu alinong'ona: "Kumbe ni yeye aliyeipoteza?"

Niliinuka. Nilisema kwamba chupa ilikuwa kwangu, kwamba alinionyesha vizuri namna ya kuitunza, na kwamba mimi ndiye niliyeifunga kifuniko na kuiweka gizani siku sita. Nilisema pia kwamba nilikuwa pale mlangoni alipoulizwa, nikanyamaza. Landry alinitazama, kisha akatazama chini.

"Asante kusema, mama," alisema mwishowe. Mbegu haikuwapo hata hivyo.

Niliingia chumbani alikolala Gisèle, wamama wengine wamemzunguka, nikapiga magoti karibu na godoro ili nimwambie yeye mwenyewe, kwa sababu nilifikiri hakusikia.

"Nimesikia," alisema. "Na nilikuwa najua. Alinielezea siku ileile aliyotoka kwako."

"Mbona hamkusema?"

"Alinikataza. Alisema: yule mama iko na woga mingi, na iko na mutoto mudogo mu nyumba. Acha aseme yeye siku atakayoweza." Gisèle alivuta shuka mpaka kidevuni. "Alikuwa anangojea. Kila ukipiga hodi alikuwa ananiambia: pengine leo."

"Lakini kila nilipotaka kusema, aliniuliza kitu ingine."

"Aliona unatetemeka," Gisèle alisema. "Hakupenda kuona mutu anatetemeka."

Wamama walinipisha nafasi nikaketi. Uani walikuwa wanagawa chakula. Tangu siku hiyo naenda Mapendo kila asubuhi kumwogesha Gisèle na kumgeuza upande, kwa kuwa hana mwingine. Kituoni mbao za mabaseni ziliondolewa mwezi wa tisa, zikatengenezewa mabenchi ya kusubiria.